Isipokuwa Wapumbavu

Chumba cha ushonaji, 4 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu nilikupa kwenye simu, sizirudii. Naandika kwa sababu simu yako inameza nusu ya maneno, na nusu inayobaki ni kelele za mtaa wenu. Nilichoambulia ni hiki: ile programu ya Sindano, inayoiongoza mashine yangu ya kutarizi, iko mbioni kutupwa. Kwamba mwisho wa Juni mlango unafungwa, na isipokuwamo, haimo. Mlango gani? Ufunguo anao nani? Na kwa nini binti niliyemlea kwa mikono hii, anayejitapa kwamba yeye ndiye anayeitunza hiyo programu, ananipa habari hizo kwa sauti ya mtu aliyenyeshewa?

Januari ulisema kompyuta ya hapa imezeeka, mfumo wake haupati tena marekebisho, na kwamba Julai utakuja kuweka mfumo mpya. Nikawatangazia wenzangu wote saba. Tuna beji za shule nne za kumaliza kabla wanafunzi hawajarudi madarasani, na makoti ya wauguzi yanasubiri majina kifuani. Leo nikiwaambia mashine italala, Mama Kicheko ataanza, na unajua akianza hanyamazi mpaka saa ya kufunga.

Nieleze kwa karatasi. Nieleze kama unamweleza mtu mwenye akili aliyeishia darasa la nne, usinieleze kama unamweleza mjinga. Kuna tofauti, na wengi mliosoma hamuijui.

Na useme kweli: umeharibu wewe?

Bibi yako

*

11 Mei

Bibi,

Shikamoo. Sijaharibu mimi. Nimechoka tu, ndiyo maana ya ile sauti.

Linux si kampuni, Bibi. Ni mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia na kuurekebisha. Yapo makundi mengi yanayoukusanya na kuugawa, kila moja kwa namna yake. Mimi nimo katika kundi mojawapo, kwa kujitolea, nikishatoka kazini. Programu zenyewe zinaandikwa na watu wengine huko nje. Sisi tunazichukua, tunazikagua, tunazirekebisha zisigombane, halafu tunazifunga vifurushi, ili mtu kama wewe aandike amri moja na programu iingie ikiwa nzima. Natunza vifurushi kumi na tisa. Sindano ni kimoja, na ndicho kinachonizeesha.

Mwandishi wake ni mzee mmoja mwenye makuu. Mwaka jana alitoa toleo jipya akalipa namba ileile ya toleo la zamani. Kompyuta zikaona hakuna jipya, na watu wakanilaumu mimi kwamba nimelala. Februari alibadilisha majina ya faili arobaini bila kumwambia mtu. Nikiwa bado nahangaika na hayo, watumiaji nao wako mlangoni. Mmoja aliniandikia kwamba mimi ni aibu ya taaluma, kwa sababu mashine yake haishoni. Tulipelekana siku tatu. Waya haukuwa umechomekwa. Mwingine ana kompyuta ya aina ambayo nadhani imebaki yake na ya jumba la makumbusho, naye anadai haki yake.

Sasa huo mlango. Ndani ya Sindano kuna faili moja linaloitwa mpangilio, ndilo linaloamua kipi kishonwe kwanza na kipi kifuate. Juu yake kabisa pameandikwa: "Kila mtu anaruhusiwa kutumia kazi hii, isipokuwa wapumbavu." Mstari huo umekaa hapo miaka ishirini, kila aliyeusoma akacheka akapita. Machi wakaguzi wetu wa leseni waliusoma, nao hawakucheka. Kanuni yetu inasema programu isimfungie nje mtu yeyote, na mpumbavu ni mtu. Kwa hiyo Sindano haijatimiza masharti, na mstari usipoondoka kabla ya tarehe 30 Juni, toleo jipya la mfumo litatoka bila Sindano.

Kuufuta mwenyewe siwezi. Masharti ya kazi hubadilishwa na mwenye kazi. Nimemwandikia yule mzee barua pepe tisa. Kwenye maelezo ya programu ameandika: "Sisomi barua pepe. Mwenye neno la maana ataliandika kwa karatasi," na namba ya sanduku la posta. Nakutumia nakala yake ucheke. Aprili nikamwandikia kwa karatasi pia. Alinirudishia barua yangu ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, basi.

Mashine yako ningeweza kuiwekea Sindano kwa mkono. Lakini kila mfumo ukisogea hatua moja itakatika, na mimi niko mbali. Na wapo wengine wengi wanaoitegemea, wasio na mjukuu wa kuwawekea. Miaka sita nimeitunza. Sitaki initoke mikononi kwa ajili ya utani wa mtu mmoja.

Mke mwenzako

*

16 Mei

Mke mwenzangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Tuanze na yule wa waya. Mtu hajachomeka waya anakuita aibu ya taaluma, na wewe, nakujua, ulimjibu "asante kwa taarifa". Bisha kama hukumjibu hivyo. Hawakuajiri, hawakulishi, wanakuamkia kwa matusi, na wewe unawafungulia mlango kwa magoti! Mimi mteja akija na suruali aliyoichana mwenyewe akasema sijui kushona, namvalisha suruali hiyohiyo aondoke nayo barabarani watu wamwone.

Hao wakaguzi nao. Watu wazima wamekaa mezani wakajadili kama mpumbavu ni mtu! Lakini nawaheshimu kwa jambo moja: walisoma mpaka mstari wa juu. Wewe miaka sita ulikuwa unatazama nini? Usiniambie ulicheka ukapita. Nguo ikitoka hapa na sindano iliyosahauliwa kwenye upindo, sisemi nilicheka nikapita.

Na huyo mzee wa wino mwekundu, huyo niachie. Sanduku lake nimelipata kwenye ile nakala. Barua imekwenda posta leo asubuhi. Usinipigie kunikataza, simu nimeizima.

Bibi yako

*

16 Mei

Bwana wa Sindano,

Mimi ni mshonaji, mwaka wa arobaini na mbili huu. Programu yako inaiendesha mashine yangu ya kutarizi, na inafanya kazi safi. Nimeanza na hilo kwa sababu hutakuta sifa nyingine humu ndani.

Anayeifunga programu yako kifurushi na kuitunza kwa ajili ya watu ni mjukuu wangu. Amekuandikia kwa adabu, kwa karatasi kama ulivyotaka, ukamrudishia barua ikiwa na wino mwekundu kama daftari la mtoto. Hii yangu ina makosa zaidi ya ile. Kanunue chupa nyingine ya wino.

Umeandika kwamba wapumbavu wasitumie kazi yako. Umewapima kwa futi? Hapa tuko wanawake wanane tunaokula kwa mashine ile, na mwisho wa Juni programu yako inatupwa nje ya mfumo mpya kwa ajili ya mstari huo mmoja wa majigambo. Uondoe. Tia sahihi, tuma. Hata ukiandika polepole kama mimi, ni kazi ya dakika tano.

Nina swali la kikazi pia, na hili nauliza kwa moyo safi. Mjukuu anasema faili lenye mstari huo ndilo linaloamua kipi kishonwe kwanza na kipi kifuate. Mimi hapo ndipo panaponipendeza kuliko pengine pote. Nataka kusikia kwa mwenye kazi: beji ya duara, kwenye fulana ya kuvutika, unaanza ukingo au unaanza kati? Na kwa nini?

Mshonaji, bibi wa mtunza kifurushi chako

*

24 Mei

Mama,

Barua yako ina makosa thelathini na moja. Sikuyasahihisha kwa kuheshimu umri wako.

Mstari hautaondoka. Niliuweka kwa makusudi, na miaka ishirini ya matumizi imenithibitishia kwamba nilikuwa mpole mno. Mjukuu wako ni mfungaji wa vifurushi. Ni kazi halali, kama kufunga mizigo. Lakini watu wa namna yake huchukua kazi ya mtu, wakaikatakata, wakaipachika vitu vyao, na ikiharibika malalamiko yanaletwa kwangu mimi ambaye hata sijui walifanya nini. Mimi ndiye mwandishi. Kundi lao likiamua kujinyima Sindano, hasara ni yao.

Swali lako ni la mwanafunzi, lakini nitakujibu. Unaanza ukingo. Ukingo ni mpaka. Ukishaufunga, ndani unajaza kwa utulivu, kama mtu anavyosimamisha kuta kabla ya kuingiza vyombo. Ndivyo nilivyoliandika faili la mpangilio, mstari kwa mstari, peke yangu.

Mwandishi wa Sindano

*

29 Mei

Bwana wa Sindano,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu saba. Nilipofika kwenye kuta na vyombo, Mama Kicheko ilibidi atoke nje.

Sasa kaa chini nikufundishe. Fulana inavutika. Ukishafunga ukingo kwanza, kila unapojaza kati uzi unakusanya kitambaa, na kitambaa hakina pa kukimbilia. Beji inavimba katikati kama kifuniko cha sufuria. Unaanza kati, unatoka nje taratibu, ukingo unakuja mwisho kabisa. Msichana wa wiki ya pili humu ndani anajua hilo, maana wiki ya kwanza alishinda anafumua.

Na Sindano inajua pia! Leo niliiwekea beji, nikavuta kiti, nikaitazama tangu mshono wa kwanza. Kati kwanza, ukingo mwisho. Ikifika kwenye pembe inapunguza mwendo, inapiga mishono mitatu mifupi, ndipo inageuka. Huo ni mkono wa mtu aliyekwisha kuharibu nguo za watu na kuzifumua huku amebana meno. Wewe hujawahi kufumua hata kishikizo. Unasema faili hilo umeliandika mstari kwa mstari, na hujui linafanya nini.

Kwa hiyo la mstari nimeliweka kando. Nakuuliza jambo jingine, na ukitaka tia wino mwekundu kwenye swali lenyewe: faili hilo aliandika nani?

Mshonaji

*

5 Juni

Mama,

Sina wajibu wa kukujibu.

Yupo mtu aliyewahi kunisaidia mambo madogomadogo ya upande wa ushonaji. Anashona shela za maharusi. Sanduku lake ni hilo hapo chini. Mwandikie kama una stempu za kupoteza. Mimi sijapata jibu lake mwaka wa kumi na moja huu, na mimi naandika bila makosa.

Mwandishi wa Sindano

*

10 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimepokea nakala zote ulizonitumia, zako na zake. Nilizisoma kazini nimeziba mdomo kwa kiganja. Aliyeketi jirani aliuliza kama nimefiwa.

Lakini Bibi, ulichokivumbua ni kikubwa kuliko unavyodhani, na kimetuongezea kazi. Kama faili si lake, basi hata akitaka kuufuta mstari hana mamlaka. Nimewauliza wakaguzi. Wanataka karatasi mbili. Ya kwanza, huyo mshona shela aruhusu kazi yake itumiwe na kila mtu. Ya pili, yule mzee akiri kwa maandishi kwamba faili ni la mama huyo, kwa sababu jina lililoandikwa pale ni la mzee peke yake. Moja bila nyingine hawaipokei. Zimebaki siku ishirini.

Wakati huohuo kuna mtu amefungua malalamiko kwamba naichelewesha Sindano makusudi, kwamba sisi watunza vifurushi tunapenda kujiona wakubwa. Nimemjibu "asante kwa taarifa". Ndiyo, Bibi. Nimemjibu hivyo.

Tafadhali huyo mama mwandikie kwa upole. Hajatukosea lolote.

Mke mwenzako

*

17 Juni

Dada mkubwa,

Umeandika neno "upole" mara mbili katika barua isiyokuwa na upole hata kidogo. Imenipendeza, ndiyo maana najibu siku hiyohiyo.

Faili ni langu. Nilikuwa mke wake. Yeye akiandika programu chumba cha mbele, mimi nikishona chumba cha nyuma. Beji zake zote zilitoka zimevimba, na kila ikivimba alisema kitambaa ni kibovu, ananunua kingine. Mwisho nikamwambia nifundishe hayo maandishi yako ya kompyuta. Alinifundisha ili apate cha kuchekea. Baada ya miezi minne nikamwekea faili mezani, na beji ikatoka imelala kama imepigwa pasi. Hakucheka.

Kisha siku moja mchana wakaja wageni wake, watu wa kompyuta, kuiona Sindano. Mmoja akauliza ni nani aliyepanga mishono kwa akili namna ile. Akasema ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia. Akanitambulisha kwamba ndimi ninayemwandalia chai.

Walipotoka tu nilikaa kwenye kompyuta nikauandika ule mstari juu ya faili langu. Nilimkusudia mtu mmoja. Aliusoma, akacheka, akasema umekaa vizuri, una ukali. Baadaye akalifuta jina langu, na mstari akauacha. Mpaka leo nadhani hajajua ulimhusu nani.

Ruhusa yangu imo ndani ya bahasha, na sahihi. Kila mtu atumie, na mstari ufutwe. Sina haja nao. Siku niliyoondoka nilimwambia kwa mdomo kwamba ni mpumbavu.

Barua zake ninazo zote. Sikuzijibu kwa sababu katika zote hakuna hata moja aliyosema faili ni la nani. Anauliza afya yangu. Afya yangu ni nzuri.

Mshona shela

*

20 Juni

Bwana wa Sindano,

Ruhusa ya mwenye faili ninayo. Ameitoa bila kuombwa mara ya pili, wala hakuhesabu makosa yangu. Lakini wakaguzi hawataipokea bila ya kwako, kwa sababu uliifuta njia ya kumfikia ulipolifuta jina lake. Imebaki wewe useme kwa mkono wako kwamba kazi ile ni yake.

Ulinilalamikia kwamba humpati kwa barua, mwaka wa kumi na moja. Nimejua kwa nini. Unamwuliza afya! Angekuwa mgonjwa ungemfanyia nini, ungemsahihisha? Barua moja tu hukuiandika, nayo ni fupi kuliko zote. Mimi wa darasa la nne ningeimaliza kabla maji hayajachemka.

Na ule mstari unaoulinda kama mpaka wa shamba la urithi, ni yeye aliyeuandika, siku ile ya wageni uliowaambia ni mwandaa chai, walipotoka tu. Wewe ndiye uliyekatazwa kulitumia lile faili. Umelitumia miaka ishirini bila ruhusa, ukawa unawakoromea wengine mlangoni.

Ukikaa kimya, tarehe 30 Sindano inatoka, na jina lako linatoka nayo, maana sijasikia kama lina mahali pengine pa kukaa. Ukiandika, linabaki. Halitakuwa peke yake, hilo tu.

Usitie maelezo. Nimezaa wanaume wanne na kumzika mume mmoja: mkianza kueleza, ukweli unatorokea mlango wa nyuma.

Mshonaji

*

26 Juni

Kwa anayehusika,

Faili la mpangilio la programu ya Sindano liliandikwa lote na mshona shela ambaye wakati huo alikuwa mke wangu. Mimi niliongeza nafasi mbili tupu. Jina lake nililifuta mimi. Lirudishwe.

Mwandishi wa sehemu zilizobaki

Mama, hii niliiandika mara sita. Tano za kwanza zilikuwa na maelezo. Nakala nimempelekea yeye. Sikuuliza afya.

*

1 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sindano imo.

Bahasha yako ilinifikia tarehe 29 saa nne asubuhi. Niliomba ruhusa kazini, nikazipiga picha karatasi zote mbili, nikazituma. Wakaguzi wakazirudisha: picha ya pili imekatika pembeni, tarehe haionekani. Nikapiga upya. Wakauliza "nafasi mbili tupu" maana yake nini kisheria. Nikawaeleza kwamba haina maana yoyote kisheria. Wakajadiliana siku nzima. Tarehe 30 alasiri wakakubali, nikaufuta mstari, nikafunga kifurushi, nikakipeleka. Mlango ulifungwa jioni ileile.

Asubuhi hii nimeamkia malalamiko mapya. Mtu anadai mstari wa wapumbavu urudishwe kwa sababu alikuwa anaupenda, na anauliza ni nani aliyenipa madaraka ya kugusa kazi ya watu. Huyu sikumshukuru, Bibi. Nimemjibu "hapana", nikafunga shauri. Neno moja tu.

Nakuja tarehe 6. Usiwaambie wenzako mapema, Mama Kicheko atanisubiri kituoni.

Mke mwenzako

*

8 Julai

Mdogo wangu mshona shela,

Mjukuu alifika, na mfumo mpya umeingia. Ilimchukua asubuhi nzima, na nusu ya asubuhi hiyo ilikwenda kunieleza anachofanya. Amekonda. Nimemwambia vifurushi kumi na tisa ni vingi kwa mtu mmoja, agawe vingine kwa hao wanaojua kulalamika, kama wana mikono. Akasema wakipewa hawachukui. Basi nikacheka mimi, Mama Kicheko akanyamaza, watu wakashangaa.

Mashine inashona ninapoandika hii. Kati kwanza, ukingo mwisho. Shule ya kwanza tunaimaliza kesho.

Sikuandika kukupa habari za mashine lakini. Nimeandika kwa sababu sipendi kuamini neno la kuambiwa. Nilimwagiza mjukuu anifungulie mahali panapoandikwa watu walioitengeneza hiyo programu, akasogea pembeni, nikavaa miwani. Mimi nasoma kwa kidole, herufi moja moja, na kioo cha kompyuta sasa kina alama zangu. Nikalikuta jina lako, zima, limeandikwa sawasawa. Liko juu. La kwake liko chini yake.

Nikamwuliza mjukuu kama ni mfuatano wa herufi tu, kama wanavyowapanga watoto darasani. Akasema hapana. Akasema kwa herufi wewe ungekuwa wa mwisho.

Dada yako mkubwa, mshonaji